Sukari ya Kumsalimia Mzee

Kwenye mtaa wetu wa visiagi, mashine za kusagia unga, nyuma ya soko la Busia, kulikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu aliyewahi kuajiriwa kuifanya, na Mzee aliifanya muda wote niliomjua. Kazi yenyewe ilikuwa kununua mashine mpya kabla yetu. Sisi wengine tulikuwa watu wa kungoja. Muuzaji akija na picha zake na maneno yake matamu, tulimkaribisha kwenye benchi, tukamsikiliza mpaka koo likamkauka, kisha tukamwelekeza kwenye mlango wa kijani ng'ambo ya barabara. "Anza na Mzee pale," tulimwambia. "Yeye akiweka, rudi tuongee."

Mwaka huu waliokuja ni wauzaji wa sola. Wanasema paneli zikifungwa juu ya paa, kisiagi kinasaga kwa jua na bili ya stima unaisahau. Nami nina sababu ya kuwasikiliza, maana bili imenikaba kiasi kwamba miezi mingine nasaga ili nilipe stima tu, na nikifanya kosa moja kubwa sasa nitafunga mlango. Muuzaji alipomaliza maneno yake niliinua mkono kumwonyesha mlango wa kijani, ndipo nikakumbuka kwamba siku hizi mle ndani wanauza viatu vya mitumba. Mzee alisharudi kwao Sigalame. Nilibaki nimenyoosha kidole kwenye duka la viatu mbele ya mgeni, nikaona haya, na haya yenyewe haijaniondoka mpaka leo.

Ukoo wake na utoto wake waulizeni watu wa Sigalame. Mimi namjua kuanzia mlango wa kijani kuja huku. Alikuwa mtu mrefu wa gambuti, viatu vya mpira vya matope, jua liwake mvua inyeshe, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga muda mrefu kabla hazijawa nyeupe kwa umri. Nilipoachiwa kisiagi na mama mkwe wangu, yeye alikuwa ameshazeeka kwenye kazi. Aliniita jirani, nami nikamwita jirani. Wengine wote walimwita Mzee, isipokuwa Barasa, mwenye kisiagi cha kona, ambaye nyuma ya mgongo wake alimwita Muonjaji. Kwetu huku wageni hawapewi pombe ya mtungi kabla mwenyeji hajavuta mrija wa kwanza mbele yao. Akivuta na akabaki amekaa sawa, basi wageni nao wanainama. Tulilicheka sana jina hilo. Sikumbuki kama kuna yeyote kati yetu aliyejiuliza kwa nini mwenyeji awe yeye kila mara.

Msidhani alikuwa mnyonge wa kuonewa. Mzee alikuwa na majivuno ya kuudhi. Aliweza kusimama kwenye harambee ya kanisa, mahali watu wamekuja kuchangia mabati, akatuambia sisi majirani zake kwamba tungekuwa bado tunasaga kwa mawe kama si yeye. Alibishana na muuza nyanya mpaka mwanamke wa watu akataka kulia, lakini kwa muuzaji wa mashine alikubali bei ya kwanza, kwa sababu aliona kubishana na mtu wa mashine ni ushamba. Na mbele ya watu, mashine zake zote zilikuwa nzuri. Injini ingetoa moshi mweusi mpaka wapita njia wakohoe, na yeye amesimama mlangoni mikono kiunoni akisema, "Hii inapumua tu."

Ukitaka ukweli ulikwenda peke yako, jioni, wateja wakishapungua. Na ulikwenda na sukari.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya mtaa. Mzee akishaweka kitu kipya tulimpa msimu mmoja, kisha mmoja wetu akasema, "Sasa nani ataenda kumsalimia Mzee?" Aliyechaguliwa alinunua pakiti ya sukari, akavuka barabara, akaketi juu ya gunia na kuuliza habari za nyumbani, za mama, za mvua, mpaka Mzee mwenyewe akachoka na kusema, "Haya, unataka kujua nini?" Hapo majivuno yote yaliisha. Alifungua mashine mbele yako, akakuonyesha palipokatika na palipoungua, pale muuzaji alipomdanganya, na kile ambacho angenunua kama angerudishwa nyuma aanze upya. Hakuficha kitu. Ulitoka hapo ukijua kila kosa lake, na mkononi mwake imebaki sukari. Mimi nilitumwa mara nyingi kuliko wengine, kwa sababu nilikuwa jirani wa mbele, na kwa sababu nilijua kunyamaza mtu akiongea.

Chukua habari ya stima. Zamani visiagi vyote vya mtaa vilikuwa vya dizeli, na kila mwenye kisiagi alifunika mdomo wa bomba la moshi kwa kopo la bati. Moshi ukitoka, kopo lilipiga kelele, tok tok tok, na kila kopo lilikuwa na sauti yake. Mama akiwa jikoni kwake mbali alisikia, akajua nani anasaga, akajitwika ndoo ya mahindi au mtama akaja. Hakuna aliyekuja kuchungulia mlango. Watu walikuwa wanasikiliza. Sasa Mzee akauza ng'ombe zake, akauza na injini ya dizeli kwa mtu wa Malaba, akafunga mota ya stima kabla ya kisiagi chochote mtaani. Ilikuwa safi, haina moshi, haina hendeli ya kumvunja mtu mkono. Akasimama mlangoni na gambuti zake akingoja foleni.

Foleni ikaja kwetu. Mota ilikuwa inanguruma ndani kwa ndani tu, na wateja wake wa miaka yote wakadhani amefunga. Tuliwasikia wakiulizana kama Mzee ni mgonjwa, na hatukuwa na haraka ya kuwajibu. Mkewe ndiye aliyegundua. Alilitoa lile kopo la zamani kwenye takataka, akatoa kigoda nje, akaketi na kuligonga kwa kijiti kuanzia asubuhi, mama mzima wa kanisa, huku sisi tukijifunika midomo kwa leso. Baadaye Mzee alinunua redio yenye spika kubwa akaiweka mlangoni. Leo ukipita mtaani kwetu utaziba masikio kwa spika, kila kisiagi na nyimbo zake za injili, na hakuna anayekumbuka zilianza na kijiti cha nani.

Mota yenyewe iliungua kabla mwaka haujaisha, kwa sababu stima ilikuwa inakuja nusu nusu. Nilikwenda kumsalimia. Aliniambia ningoje transfoma ya mtaa ibadilishwe, kisha ninunue mota kubwa kuliko yake kidogo, na nisiifunge bila kifaa cha kuilinda. Transfoma ikabadilishwa. Tukanunua sote, mota ya saizi ile ile na kifaa kile kile, na hakuna mota mtaani iliyoungua ila yake.

Kulikuwa pia na habari ya simu. Alikuwa wa kwanza kuandika ukutani namba ya kulipia kwa simu, na fundi wa maandishi akakosea tarakimu, kwa hiyo wateja wake wakawa wanamlipa mtu asiyejulikana. Mzee alimpigia mtu huyo kwa adabu, akajieleza, akamtakia siku njema. Mtu yule akazima simu. Sisi tulipoandika za kwetu, kila mmoja aliijaribu namba yake kwanza kabla rangi haijakauka.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mtu huyu nyumbani kwake alikuwa wa mwisho kwa kila kitu. Kisiagi kilikuwa na stima na chumba chake cha kulala kilikuwa na koroboi. Alikataa mashine ya kunyoa, kinyozi ikambidi amwekee wembe wake peke yake kwenye droo. Mkewe alipika kwenye mafiga mpaka macho yakawa mekundu. "Jirani," aliniambia siku moja nikiwa namwonyesha jiko langu la makaa, "hii kitu yote nimeiona kwako kwanza. Huyu akinunua kitu, lazima iwe na mkanda na ikae kwa kisiagi." Alisema huku akicheka, lakini hakuwa anacheka sana. Yeye ndiye aliyelisha nyumba ile. Alikuwa akienda Sio Port kuchukua omena, dagaa wa ziwani, na kuja kuziuza sokoni, na kila mashine ya Mzee iliponyamaza, kilichokuwa mezani ni omena. Kanisani alikuwa na kiti chake mbele, pamoja na kina mama wenzake wa kwaya.

Kilichomtoa kwenye kiti hicho ni muhogo.

Muhogo wetu wa huku unavundikwa. Unamenywa, unarundikwa na kufunikwa mpaka unaota ukungu, unakwanguliwa, unaanikwa, na unga wake unachanganywa na mtama kupata ugali wa kahawia wenye harufu ambayo mtu wa kwetu akiikosa anakula akilalamika. Mzee alikwenda kwenye maonyesho ya wakulima akaona mashine ya kukwangua muhogo mbichi, na nyingine ya kuukamua maji. Huvundiki, hungoji. Unaingiza mizizi, na jua likiwa zuri unapata unga mweupe kama karatasi. Alikuwa na kipande cha shamba alichonunua upande wa Marachi. Akakiuza, akaleta mashine zote mbili, na siku ya kuzizindua alituita mtaa mzima.

Nakato, anayetuletea muhogo mkavu kutoka upande wa Uganda, alichota ule unga kwa vidole akaunusa. Akaunusa tena.

"Ssebo," alisema, yaani bwana kwa lugha ya kwao, "hii inanukia nini?"

"Hainuki kitu," Mzee akajibu kwa fahari.

"Sasa ndio shida. Ugali haina harufu, mtu atajuaje amekula?"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Wengine walisema ni unga wa wagonjwa. Haukununuliwa. Msimu mzima Mzee na mkewe walikula ugali mweupe, na kanisani kina mama wakaanza kumwuliza mama yule, kwa upole kabisa, kama angependa kupelekewa unga wa kawaida. Alikataa kwa heshima. Jumapili iliyofuata nilimwona ameketi nyuma karibu na mlango, na hakurudi mbele tena.

Nilikwenda na sukari yangu. Mzee alikuwa ameketi juu ya ile mashine ya kukamua, gambuti zikining'inia. "Mashine iko sawa, jirani," aliniambia. "Haijanikosea hata siku moja. Ni watu sikuuliza." Nilidhani anajitetea.

Misimu ikapita. Bei ya ngano ikapanda, na wapika mandazi na chapati wakaanza kutafuta kitu cha kuchanganya na ngano, cheupe, kisicho na harufu. Wakati huo mashine za Mzee zilikuwa chini ya turubai na mkewe alikuwa amelazwa. Nilimwendea nikamwambia nazitaka. Nikamwambia na sababu. Hilo namshukuru Mungu sikulificha.

"Najua," alisema. "Hao wa mandazi wamefika hata kwangu. Lakini mama yuko hospitali, na ugonjwa hauwezi kungoja mandazi."

Tulielewana kama majirani. Alisimamia wabeba mizigo wakizivusha barabara, akazifunga mwenyewe, akanionyesha wapi pa kupaka grisi na mlio gani niuogope. Leo kisiagi changu kinajulikana kwa unga mweupe. Nimechorewa muhogo ukutani, mkubwa kama mtoto. Sikumwibia mtu. Ningekuwa nimeiba ingekuwa rahisi, ningerudisha. Lakini kila Mzee alipopita mlangoni kwangu aliingia, akaweka kiganja kwenye ubavu wa ile mashine ya kukwangua, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemuuza, kisha akaniuliza habari za watoto. Mimi wakati huo nilijitia kuwa na kazi nyingi kwenye mizani.

Mkewe hakupona. Tulikwenda mazishini mtaa mzima, tukapika, tukabeba maji, tukaimba mpaka sauti zikakauka, na kwa kweli tulilia. Mzee alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya hema. Barasa akampelekea kikombe cha chai, akainama, akampa pole. Kabla hajainuka akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, hii maneno ya sola umesikia? Wewe unaionaje?"

Nilisikia vizuri. Ningeweza kumvuta Barasa shati. Nilichofanya ni kusogeza kiti changu karibu ili nisikie jibu.

Mzee alionja kidogo. "Hii chai iko na sukari," alisema, akakiweka chini kwenye nyasi. Baada ya hapo alifunga mlango wa kijani akaenda kwao, na kwa muda mrefu hatukumwona mtaani.

Basi mwezi uliopita, muuzaji wa sola alipoondoka, tulikaa kwenye benchi langu, Barasa akiwa katikati. Kila mmoja alikuwa na bili yake mfukoni. Kila mmoja alitaka paneli na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. "Mzee wetu hawezi kukaa bila kujaribu hiyo kitu," Barasa alisema. "Hata huko Sigalame, mimi najua ameweka. Sasa nani ataenda kumsalimia?" Wakaniangalia. Nilikwenda dukani nikanunua sukari, na sikuona kitu cha ajabu katika kuinunua.

Boma lake lilikuwa limefagiwa vizuri. Kabla sijamtafuta yeye niliangalia paa. Bati lilikuwa la kutu, tupu, halina paneli hata ya taa. Na hapa ndipo penye aibu ninayoiandikia yote haya. Nilivunjika moyo. Nilikuwa nimetarajia nimkute ameweka, imemshinda, anieleze ilivyomshinda, nirudi mjini. Nilijihisi kama mtu aliyefunga safari akakuta duka limefungwa. Hasara yake ndiyo niliyoifuata mpaka Sigalame, na nilikasirika kwamba sikuikuta.

Alikuwa mlangoni, gambuti miguuni, ananitazama ninavyotazama.

"Haiko," alisema. "Karibu kiti, jirani."

Niliketi. Nikampa sukari kwa mikono miwili, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka dirishani.

"Nitawapa watoto wa hapa jirani," alisema. "Mimi daktari alinikataza sukari kutoka wakati wa ile mota ya kwanza."

"Wakati wa mota? Na ile yote tulikuwa tunaleta?"

"Mama alikuwa anaipeleka kanisani. Wanawake wa kwaya walikuwa wanampenda kwa sababu ya hiyo sukari." Alitabasamu kidogo. "Mpaka ile mambo ya muhogo."

Nilikuwa nimekula akili ya mtu huyu miaka mingi, na sikuwahi kumwuliza anakunywa chai ya namna gani. Yeye hakuonekana kuudhika. Aliniuliza habari za mtaa, za Barasa, za Nakato, akauliza kama mashine ya kukwangua bado inalia upande wa kushoto ikiingia mizizi mikubwa. Nikamwambia bado inalia. Alifurahi. Mwishowe akasema, kama zamani, "Haya, unataka kujua nini?"

"Hii sola, jirani. Unaionaje?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijawahi kuweka, nitajuaje? Sina ng'ombe, sina shamba, sina kisiagi. Kwa hii, mimi na wewe tuko sawa." Akavuta kiti chake karibu. "Watu wako wanakuja kusaga saa ngapi?"

"Jioni. Wakitoka sokoni na shambani."

"Na jua je?"

Nilikuwa nimemsikiliza muuzaji, nimehesabu paneli, nimepima paa, na hilo halikunijia kichwani.

"Sasa hiyo ndio kopo yako," Mzee alisema. "Kila kitu nilinunua ilikuwa sawa, jirani. Ile mota ilikuwa sawa, hata ya muhogo si unaona inakulisha? Shida yangu ilikuwa kopo. Kila mashine iko na kopo yake, na hakuna mtu anauza kopo. Unaipata ukiwa umeshaingia."

Nikamwambia kwamba nikikosea hii nafunga. Alitikisa kichwa kukubali. Hakunipa moyo wala kunitisha. Aliponisindikiza mpaka njiani aliniomba kitu, na katika miaka yote hiyo sikumbuki aliwahi kuniomba kitu kingine.

"Ukiweka, uniite. Nije nikae kwa benchi yako. Mimi nikianzisha kitu nilikuwa nasimama mlangoni naomba Mungu isiharibike, na nyinyi mmekaa huko ng'ambo mnaniangalia. Sijawahi kuiona kutoka upande huo. Nataka tu nijue inakuwanga aje."

Hakusema kwa uchungu. Kama angesema kwa uchungu ningekuwa na la kujibu.

Mtaani walikuwa wananingoja. "Mzee anasemaje?" Barasa aliuliza kabla sijashuka kwenye pikipiki.

"Hajui. Hajaweka."

Walitazamana. "Basi tungoje," Barasa alisema. "Hata mwaka ujao si mbali."

"Mimi nitaweka," nikasema.

Nilisema kwa sababu ya aibu, si kwa ushujaa. Nisisifiwe kwa hilo. Nilikuwa siwezi tena kuketi kwenye lile benchi. Barasa alinipiga bega kwa furaha ya kweli. "Vizuri, mama. Wewe anza," alisema, maneno yale yale niliyomwambia Mzee mara nyingi nikidhani namtia moyo.

Paneli zilifungwa wiki iliyopita, na mota ikatolewa kwenye stima. Nilituma pikipiki Sigalame asubuhi, Mzee akaja na gambuti zake, akaketi kwenye benchi kati ya Barasa na Nakato, mgongo umeegemea ule muhogo wa ukutani. Jua lilikuwa kali na kisiagi kilisaga. Mzee aliinuka mara moja tu, akaweka kiganja chini ya unga unaotoka, akausikia joto lake, akarudi kuketi. Alikuwa anatazama tu, mdomo wazi kidogo, mikono juu ya magoti.

Baada ya saa nane mchana mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa. Jioni kina mama wakaanza kufika na ndoo zao kutoka sokoni, kama kila siku, na kisiagi kikaanza kuzunguka kwa uchovu. Wakangoja kidogo. Mmoja akaniuliza kama mashine ni mgonjwa.

"Hapana," nilijisikia nikisema, nimesimama mlangoni mikono kiunoni. "Hii inapumua tu."

Kwenye benchi Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kina mama wakajitwika ndoo wakavuka kwenda kwa Barasa, ambaye alikuwa ameshakimbilia kwake kuwasha mota ya stima. Nilimwomba mwenye pikipiki aliyekuja kumrudisha Mzee angoje kidogo, nikaanza kufagia sakafu ambayo haikuwa na unga wa kufagiwa.

Foleni ya Barasa ilipoisha, nilimwona anavuka barabara peke yake. Hakungoja hata msimu. Mkononi alikuwa na pakiti ya sukari. Aliketi juu ya gunia langu, akaniuliza habari za watoto, akaniuliza habari za mvua. Sikuweza kumtazama Mzee. Nilimsikia akiinuka, gambuti zikikwaruza sakafu, akapita karibu nami akielekea kwenye pikipiki.

"Mwambie ukweli, jirani," alisema. "Si amekuja peke yake?"

Nilipokea sukari kwa mikono miwili, nikamwambia Barasa kila kitu.